Mwacheni Mzee Aseme: Je, Kukubali Safari ya Mwisho ni Kukosa Imani?

Masomo: Mwanzo 49:28–33, 2 Wafalme 20:1–6, 2 Timotheo 4:6–21



Wiki hii naandika juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa, na itabidi nianze na kosa langu mwenyewe. Familia inayohusika imeniruhusu nilisimulie. Majina sitataja.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja, mshirika wa miaka mingi, ambaye alikuwa ameshapita miaka 80. Aliugua kansa ya koo. Ikafika mahali daktari akawaita watoto kando, akawaeleza kwamba dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu. Wakamrudisha nyumbani, kisha wakanipigia simu: "Pasta, njoo tuombe. Huyu mzee haendi popote."

Nikaenda. Chumba kilikuwa kimejaa. Tuliimba, tukakemea, tukakiri uzima. Katikati ya maombi mzee akainua mkono. Kwa sauti ndogo sana akasema anataka kifungua mimba wake asogee karibu, kuna neno anataka kumwambia kabla hajaondoka. Hata hajamaliza, binti yake mmoja akapaza sauti: "Baba, usikiri kifo! Hakuna kuondoka hapa!" Chumba kizima kikaitikia amina. Na mimi, mtumishi wa Mungu, badala ya kuwatuliza watu, nilipandisha maombi juu zaidi. Mzee akateremsha mkono wake.

Alilala alfajiri ya siku ya tatu. Katika siku hizo mbili, kila alipofungua mdomo tulimjibu kwa ahadi za uponyaji, mpaka akaacha kuufungua.

Baada ya mazishi yule kifungua mimba alinivuta kando, nyuma ya hema. Yeye na babake walikuwa hawajaongea vizuri kwa karibu miaka kumi, kwa sababu ya mambo ya shamba. Akaniuliza, "Pasta, wewe ndiye ulikuwa karibu na kitanda. Baba alitaka kuniambia nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kwa hivyo swali la wiki hii si la darasani. Mtu wa Mungu akizeeka, akaona safari yake inakaribia mwisho, na akataka kusema hivyo, je, amepoteza imani? Na sisi tukimzuia kusema, tunamtetea yeye au tunajitetea sisi?

Wimbo usio na maneno

Kilichonirudisha kwenye swali hili ni kijana wetu wa kinanda. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa muziki, na jioni moja nikamkuta kanisani peke yake akisikiliza kitu kwenye simu. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni muziki wa ogani, hauna mtu anayeimba, na ni wa mwisho wa maisha ya aliyeutunga. Kisha akaniuliza, "Pasta, wimbo bila maneno unaweza kuhubiri?" Nikacheka kidogo. Sisi Wapentekoste tunapenda maneno, tena kwa sauti. Lakini nikaketi, tukausikiliza wote. Hauchukui hata dakika sita.

Mtunzi ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani, Mkristo wa Kilutheri aliyefanya kazi ya muziki wa kanisa karibu maisha yake yote. Alizaliwa mwaka wa 1685. Kifo hakikuwa kitu kigeni kwake. Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa tayari yatima wa baba na mama. Mwaka wa 1720 alikuwa safarini na mwajiri wake, na aliporudi nyumbani akapata mke wake ameshafariki na kuzikwa. Alikuwa na watoto 20 kwa wake wawili, na karibu nusu yao hawakufika utu uzima. Kuanzia 1723 alisimamia muziki wa makanisa ya mji wa Leipzig, na hapo ndipo alipozeekea.

Uzeeni macho yakamsumbua. Mwaka wa 1749, yeye akiwa bado hai, wakubwa wa mji walishamsikiliza mtu mwingine akifanya majaribio ya kuchukua nafasi yake. Aliyewahi kuajiriwa anajua hiyo hali: wewe uko, na kiti chako kinapimwa na mwingine. Mwaka wa 1750 daktari wa macho kutoka Uingereza alimpasua mara mbili. Haikusaidia. Akabaki kipofu, mwili ukazidi kudhoofika, na tarehe 28 Julai mwaka huohuo akafariki. Alikuwa na miaka 65.

Baada ya kifo chake, watoto na marafiki zake walichapisha kitabu chake kikubwa cha muziki ambacho hakukimaliza. Mwishoni waliweka wimbo huu mfupi wa ogani, wakaeleza kwamba marehemu aliutamka akiwa kipofu na rafiki akauandika. Waliochunguza baadaye waligundua kwamba hakuuanza kutoka sifuri. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe wa zamani, alioutengeneza akiwa kijana wa miaka thelathini hivi, umri wangu mimi. Uzeeni aliurudia akaufanyia kazi upya.

Naomba mtazame alichobadilisha. Katika ule wa ujanani, sauti ya juu imejaa mapambo, vidole vinazungukazunguka kila noti. Katika ule wa mwisho, karibu mapambo yote yameondolewa. Tuni imebaki wazi, kama mtu aliyevua nguo za sherehe akabaki na shati. Na kila mstari wa tuni hauingii kwa haraka. Sauti tatu za chini zinatangulia kwanza, zinaandaa njia, ndipo sauti ya juu inaingia. Mistari ni minne tu. Kwenye ule wa mwisho, noti ya juu inashikiliwa palepale huku zile za chini zikiendelea kusogea kidogo chini yake, kisha zote zinatulia.

Jambo la pili linanigusa hata zaidi. Tuni hiyo ilikuwa inaimbwa kanisani kwa nyimbo mbili tofauti. Mmoja ni wa watu walio katika shida kubwa, wanamlilia Mungu awatoe. Mwingine ni wa mtu anayesogea mbele ya kiti cha enzi cha Mungu. Katika kitabu kilichochapishwa, muziki huu una jina la ule wa kwanza, wa shida. Katika hati iliyoandikwa kwa mkono, una jina la ule wa pili, wa kiti cha enzi. Tuni ni ileile. Kilichobadilika ni mahali mwimbaji anapoelekeza uso wake.

Nilipoelezwa hayo nilikumbuka ule mkono ulioinuliwa. Mzee wetu alikuwa ameshahama kutoka wimbo wa kwanza kwenda wa pili, na sisi tulikuwa tunamrudisha kwa nguvu kwenye ule wa kwanza.

Lakini Pasta, si tunaamini uponyaji?

Tunaamini. Mimi naamini, na nimeona. Sitaki mtu asome ukurasa huu aseme pasta msaidizi amekuwa baridi. Hapa ndipo tunahitaji kufikiri vizuri, kwa hivyo tulichukue andiko ambalo watu wengi watanipa, la Mfalme Hezekia.

Hezekia aliugua, nabii Isaya akamwambia apange mambo ya nyumba yake kwa sababu hataishi. Akageukia ukuta, akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Basi si tuombe kama Hezekia? Ndiyo, tuombe. Lakini kumbukeni mambo mawili. La kwanza, aliyeomba ni Hezekia mwenyewe. Mungu alijibu kilio cha mgonjwa, si kelele za waliomzunguka. La pili, miaka 15 iliisha. Uponyaji ulisogeza tarehe, haukuifuta. Tena humo ndani ndimo aliwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina zake zote, na ndimo alizaliwa Manase, maana alianza kutawala akiwa na miaka 12 babake alipofariki, na tunajua alivyoipoteza nchi. Miaka zaidi ni zawadi, lakini haimwondolei mtu kazi ya kupanga nyumba yake.

Sasa mchukue Elisha, mtu aliyepokea sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Kama upako ungekuwa kinga ya kuugua na kufa, yeye angekuwa wa kwanza. Lakini 2 Wafalme 13 inasema wazi aliugua ugonjwa uliomuua. Na hakuna mstari unaomlaumu kwa imani haba. Sura hiyohiyo inasimulia kwamba hata mifupa yake kaburini ilimfufua mtu. Upako ulikuwepo, na alikufa.

Yakobo alipoona siku zimefika aliwaita wanawe wote, akasema na kila mmoja, mengine matamu na mengine machungu. Akaagiza azikwe wapi, akarudisha miguu yake kitandani, akakata roho. Hakuna mwana aliyesema "Baba, usikiri hivyo." Fikirini kama Yuda au Yusufu angemnyamazisha! Tungekosa sura nzima ya baraka.

Anayenifundisha zaidi ya wote ni Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo anasema waziwazi kwamba wakati wake wa kuondoka umefika. Kisha mistari michache mbele anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu vyake, na afanye bidii kufika kabla ya baridi. Mnaona? Mtu amekubali kwamba anakwenda, na bado anataka nguo ya baridi na kitu cha kusoma. Kukubali hakukumfanya akunje mikono. Na Bach vilevile: anajua anaelekea wapi, na bado anarekebisha noti.

Kwa hivyo tusichanganye vitu viwili. Kukata tamaa ni kusema Mungu hawezi. Kukubali ni kusema Mungu anaweza, na hata akinichukua bado mimi ni wake. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule bustanini, aliomba kikombe kimwondokee, na katika pumzi ileile akajiweka kwenye mapenzi ya Baba. Kesho yake, akiwa msalabani, alipanga ni nani atamtunza mama yake. Kama Yesu alipanga, sisi ni nani tuone kupanga ni dhambi?

Somo kutoka vitabu vya hesabu

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Kuna kanuni moja ya uhasibu tulifundishwa mapema: unapoandaa hesabu za kampuni unachukulia kwamba itaendelea kufanya kazi. Ni kanuni nzuri. Bila hiyo hakuna mtu angepanga lolote. Lakini ina sharti. Kukiwa na dalili kubwa kwamba kampuni huenda isiendelee, wakurugenzi lazima waseme hivyo kwenye ripoti. Wakinyamaza, hakuna mkaguzi atakayewasifu kwa kuwa na matumaini. Wamewaficha wenye haki ya kujua, na watakaoumia ni wale waliobaki nje bila habari: wafanyakazi, wanaodai, wenye hisa.

Nyumba nyingi zetu zinaumia hivyohivyo. Mzee anafariki na cheti cha shamba hakijulikani kiliko. Mama anafariki na hakuna ajuaye alikuwa anadaiwa na chama kiasi gani. Ndugu wawili waliokuwa wanakula sahani moja sasa wanakutana kortini. Ukiuliza kwa nini hakuna aliyemuuliza mzee akiwa hai, unaambiwa, "Tuliogopa ataona tunamtakia kifo." Na mzee naye aliogopa kusema, asije akaonekana hana imani. Kila mtu anamlinda mwenzake, na ukweli unazikwa pamoja na jeneza.

Lakini msinielewe vibaya

Kuna upande mwingine wa hatari, na siwezi kuupita. Kuna watu watasoma hapa waseme, "Basi, mama ameshazeeka, kwani hospitali ya nini? Tukubali tu." Hapana! Hiyo ni kuchoka kumtunza mzazi na kukupa jina la kiroho. Aliyeamriwa kuheshimu baba na mama hakuambiwa aheshimu mpaka bili ifike kiasi fulani.

Mimi naona mpaka uko hapa: kukubali ni kwa yule anayesafiri. Hakuna anayeweza kukubali kwa niaba yake. Mama mwenyewe akisema, "Wanangu, nimechoka, naomba nipumzike nyumbani," hilo ni neno lake na lina uzito. Lakini watoto wakisema hivyo kwenye mkutano wa familia, na mama hajaulizwa, wamemwimbia wimbo ambao hajauchagua. Na mgonjwa akisema, "Pasta, mimi bado nataka kupigana," basi tutapigana naye mpaka pumzi ya mwisho. Nani anataka kunyamaza, nani anataka kemeo, nani anataka kuagana, hilo hatuwezi kulijua mpaka tumuulize na tumsikilize.

Ndiyo maana ninasema kosa langu halikuwa kuomba uponyaji. Kosa langu lilikuwa kuomba juu ya sauti yake.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tumuulize. Ukienda kumwona mgonjwa mzee, kabla hujafungua maombi, keti. Mshike mkono. Mwambie, "Baba, ungependa tuombe nini leo?" Kisha nyamaza. Mara nyingi atakuambia. Sasa mimi ndivyo ninavyofanya, na nimeona wazee wanavuta pumzi ndefu kama watu waliotuliwa mzigo.

Pili, tukiombea uponyaji, tuache mlango wazi. Inawezekana kuomba yote mawili katika chumba kimoja: Bwana mponye mtumishi wako, na kama umeamua kumwita, mpe amani na umpe nafasi ya kusema yaliyo moyoni. Hakuna pepo anayeingia kwa maombi kama hayo.

Tatu, wazazi, pangeni mambo mkiwa na nguvu. Andika wosia, uutie sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao si warithi. Hata wa mdomo sheria yetu ya urithi hapa Kenya inautambua, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema afariki ndani ya miezi mitatu. Hebu fikirini hilo. Serikali inayapa maneno ya mtu anayeondoka uzito wa sheria, na sisi kanisani tunayakemea.

Nne, yule mliyekosana naye, usingoje kitanda. Yule kifungua mimba na babake walikuwa na karibu miaka kumi ya kuongea. Walibakiwa na dakika moja, nami nikaichukua.

Vijana, na nyinyi mko ndani ya ujumbe huu. Bach alikuwa na tuni hiyo mkononi akiwa na nguvu zake zote na mapambo yake yote. Uzeeni hakutafuta tuni nyingine. Aliondoa tu visivyo vya lazima. Tuni utakayobaki nayo siku hiyo ni ile unayoijifunza sasa, kwa hivyo angalia ni ipi.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule kifungua mimba baada ya ibada. Nilimwomba msamaha, mbele ya mke wake. Nilimwambia siwezi kumpa maneno ya babake, ila naweza kumshuhudia kwamba mkono ulioinuliwa ulimwelekea yeye, na jina aliloliita lilikuwa lake. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Aliniita kwa lile jina la utotoni, Pasta. Nilisikia. Nilidhani nimekosea." Sijui kama hiyo inatosha. Yeye amesema itamsaidia.

Tuombe: Bwana, tufundishe kuzihesabu siku zetu. Waponye wagonjwa wetu. Wape wazee wetu ujasiri wa kusema, na utupe sisi unyenyekevu wa kunyamaza tukawasikia. Na siku yetu ikifika, tusogee mbele zako bila hofu. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Je, katika familia yenu mzee anaweza kuzungumza juu ya kifo chake bila kukatizwa? Kama hawezi, ni nini kinazuia?
2. Someni 2 Timotheo 4:6–21. Paulo anaonyeshaje kukubali, na anaonyeshaje kwamba bado anaishi?
3. Ni neno gani unalotaka kumwambia mtu, na unangoja nini?